Kiti cha Baba Kilipohama Nyumba

Karakana ya Samani,
Nyuma ya duka la rangi,
Mtaa uleule unaoujua.
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Dereva,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno yameshatoka yote au bado anawatafuna vidole? Nauliza kwa sababu katika picha mliyotutumia amefumbua mdomo wazi kama mtu anayedai haki yake, na mama ameichungulia picha hiyo kwa miwani na bila miwani. Anasema mdomo ni wa baba. Mimi nasema masikio ndiyo ya baba, mdomo ni wangu, na poleni sana.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimepungua. Goti langu bado linalalamika nikipanda ngazi, lakini ulimi hauna tatizo lolote, kama utakavyoona kwa urefu wa barua hii. Najua ungependa nikupigie simu. Kwenye simu unaniambia "ndiyo dada, ndiyo dada" huku unakaanga vitunguu. Barua angalau utaisoma umekaa.

Na ni vizuri ukae, maana habari yenyewe ni ya kukaa. Ni habari ya kile kiti cha baba, ambacho alisema kwa kinywa chake kuwa kitakuwa chako. Na ni habari ya mama, ambaye tangu ahamie kwangu alikuwa akiniomba kila kukicha nimrudishe kwenye nyumba ya zamani, nyumba ambayo haikaliki tena.

Ngoja nianze na kazi, ndipo utaelewa yote. Yale makochi ya kisasa nimeachana nayo kabisa. Unayakumbuka: ndani mbao za maboksi, juu sponji, kitambaa kinang'aa, na kabla mtoto wa mwenye nyumba hajajifunza kutembea yameshabonyea. Siku moja nilipita karibu na jalala nikakuta kochi nililolitengeneza kwa mikono yangu limelala chali, mbuzi amepanda juu anatafuna sponji. Nikarudi karakana nikamwambia seremala wangu, yule tunayemwita Fundi Taratibu, kuanzia leo tunatengeneza vitu vya kugombaniwa.

Akauliza, vigombaniwe na nani? Nikamwambia na watoto, siku wazazi wakiwa hawapo. "Taratibu, bosi," akasema, "usianze kuwatakia wateja wetu misiba."

Lakini ndiyo tunavyofanya sasa. Samani za mtindo wa zamani, za kurithiwa. Mbao tunazikausha kivulini bila kuzisukuma. Viungo ni vya ulimi na tundu, msumari hauruhusiwi kupita mlangoni. Michoro naichora mimi asubuhi kabla mashine ya kuranda haijaanza kupiga kelele, na kila mchoro nautoa kwenye kitu nilichowahi kukikalia, au kuchapwa kwa sababu nimekipanda. Lile kabati la vioo la shangazi, lenye droo iliyokuwa haifunguki mpaka uipige goti. Meza ya kujipambia ya mama, yenye kioo cha duara na ile harufu ya poda isiyoisha. Mdogo wangu, nikichora vitu hivi nasikia mpaka harufu ya nta nyekundu ya sakafuni, ile tuliyokuwa tukiisugua Jumamosi kwa magoti hadi tunaonekana tumechinja kitu.

Kitu cha kwanza nilichotaka kukichora, hukosei, kilikuwa kiti cha baba. Babu mzaa mama alikitengeneza mwenyewe, zawadi ya harusi ya wazazi wetu. Ile miguu minne iliyokerezwa, mgongo wa fito, mikono mipana mpaka kikombe kinakaa bila kushikwa. Baba alikuwa akiweka chai yake mkono wa kulia, gazeti mkono wa kushoto, na wewe katikati.

Nikaenda kukipima wakati mama alikuwa bado yupo kule kwenye nyumba ya zamani. Kilikuwa palepale kilipokaa siku zote, chini ya dirisha, mlango upande wake wa kushoto. Nikapima kila ubao. Nikaona miguu ya kulia ni mifupi kuliko ya kushoto, unene wa vidole viwili hivi. Tena miguu ya kushoto ina mfereji uliochongwa kuzunguka karibu na chini, ile ya kulia haina. Mtu mwenye akili zake angejiuliza. Mimi nikashusha pumzi kwa mahaba nikasema, wazee hawa walikuwa na mitindo! Nikachora vilevile, miguu miwili mirefu yenye mfereji, miwili mifupi isiyo nao. Fundi Taratibu aliuliza kama nina hakika. Nikamjibu asimfundishe babu yangu kazi.

Mteja wa kwanza alikuwa mshonaji wa nguo za harusi, mwanamke mwenye macho makali na kicheko kikubwa. Alitaka viwili, cha kwake na cha mumewe, wajukuu waje wavikute. Tukavitengeneza vikapendeza ajabu. Karakana yetu unaijua, chini ni udongo na maranda, hata kitu kilichonyooka kinaonekana kimepinda, basi hatukugundua lolote. Vikapakiwa, vikaondoka, nikabaki nimejaa sifa.

Huku nyuma mvua zile kubwa zikaipasua nyumba ya zamani. Ukuta wa nyuma ulifunguka ufa wa kuingiza mkono. Mwashi akaja, akagonga hapa, akagonga pale, akasema asilale mtu humu. Nikamhamishia mama kwangu siku hiyohiyo na vitu vyake vyote. Kiti cha baba nikakiweka sebuleni, chini ya dirisha kama alivyozoea, nikamtandikia na kile kitambaa chake cha kufuma. Nikajipongeza tena. Kujipongeza sijambo.

Mama akakaa. Akainuka. Akakaa tena. Akasema ana kizunguzungu. Akaweka chai mkono wa kulia wa kiti, kikombe kikateleza kikavunjika. Siku ya pili hivyohivyo, siku ya tatu akahamia kwenye stuli ya plastiki jikoni, akawa anakaa pale ananitazama nikipika kama mgeni aliyekosa basi. Nikampeleka hospitali. Presha nzuri, masikio mazuri, macho ya uzee wa kawaida. Daktari akasema labda ni mawazo tu, apewe muda azoee.

Nikamwambia mama, daktari anasema huna ugonjwa. Ndipo akasema neno ambalo sikukuambia kwenye simu, nilishindwa. Akasema, "Najua sina ugonjwa. Ni baba yenu. Nimehama nyumba yake bila kumuaga, sasa kiti chake kinanisukuma."

Mimi ninayejibu mpaka redio, nilienda kusimama bafuni nikafungua maji nilie. Mama yetu, aliyemuuguza baba mpaka pumzi ya mwisho, anaamini baba amemkasirikia. Tangu siku ile akawa na kifurushi chake kando ya kitanda, kanga mbili, sahani yake na tochi, tayari kurudi kwenye nyumba yenye ufa. Nikienda kazini naogopa, nikirudi namtafuta kwa macho kabla sijavua viatu.

Sasa katikati ya balaa hilo, mshonaji akatokea karakana na mkokoteni. Viti vyote viwili juu, yeye pembeni, gauni lina doa la chai kutoka kifuani hadi gotini. "Dada," akaniambia, "hivi ni vya kukalia au vya kutelezea?"

Hasira zangu unazijua. Nilimwambia viti havina kosa, sakafu yake ndiyo mbovu. Nikachukua pimamaji, kile kipimo chenye povu la hewa ndani ya maji, nikaongozana naye mpaka kwake mbele ya majirani, nikaiweka sakafuni nimkomeshe. Lile povu likaenda kukaa katikati, likatulia tuli. Sakafu yake imenyooka kama meza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Yeye akaangua kicheko, akasema angalau mumewe siku hizi anamwegemea kila jioni kwa nguvu ya kiti. Tulivibadilishia miguu, na sasa ni rafiki yangu.

Lakini nilipokuwa nimeinama pale sakafuni kwake, kitu kilinigonga kichwani. Mkono wa kulia. Chai. Kikombe. Sikurudi karakana. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya zamani na pimamaji yangu kwapani.

Mdogo wangu, ungeiona. Sebule tupu, rangi ya ukuta imebaki mbichi pale kabati liliposimama, msumari wa kalenda bado upo. Na kwenye nta ya sakafu zile alama nne za miguu ya kiti, zimezama kidogo kwa miaka yote ile. Nikaiweka pimamaji hapo katikati ya alama. Povu likakimbia upande mmoja, halikurudi.

Sebule yote imelalia mlangoni! Aliyeimwaga sakafu ile alitaka maji ya kudekia yatoke yenyewe, akazidisha. Unakumbuka gololi zetu zilivyokuwa zikiishia mlangoni? Tulidhani ndiyo tabia ya gololi. Na wewe na kigurudumu chako cha mti, ulikuwa unakiachia ukutani unakikimbiza mpaka nje unapiga honi kwa mdomo, ndiyo ukaitwa Dereva. Hukuwa ukiendesha kitu wewe. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikiendesha. Tumekua, tumesoma, tumeondoka katika nyumba ile na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba tumelelewa mteremkoni.

Nilikaa chini pale nikacheka peke yangu, kisha nikang'amua kwamba wakati huo wote baba alikuwa akijua. Miguu ile ilikuwa imekatwa. Mtu alikikata kiti kifuate sakafu.

Nikamweleza Fundi Taratibu. Akaja nyumbani na msumeno, akakizunguka kiti, akasema dawa ni moja, tukate ile miwili mirefu ilingane na mifupi, kiti kisimame. Kweli ni dawa. Lakini kukata mguu uliokerezwa na babu, wenye mfereji wake, na kiti chenyewe si changu! Nilitaka nikuandikie kwanza kukuomba ruhusa. Kisha nikamwona mama kupitia mlangoni, amekaa kwenye stuli ya plastiki, kifurushi sasa kimehamia miguuni pake. Nikapiga moyo konde. Nikasema kata, mwenye kiti nitamwomba radhi.

Fundi akatoa penseli ya sikioni, akaanza kupiga alama. Mama kule jikoni alikuwa anashona kifungo cha koti langu, wala hatutazami. Uzi ukamwishia. Akasema, "Na huu nao umeisha mpaka kwenye mti," akakiweka mezani kile alichokuwa anakizungushia uzi miaka yote. Unakijua: kile kiduara changu cha mti, pacha wa kigurudumu chako. Chako ulikifanya gari, changu nilikifanya sufuria ya mwanasesere, na nilipoacha wanasesere mama akakichukua akakivisha uzi. Nilikuwa sijakiona kikiwa uchi tangu utotoni.

Kina mfereji katikati, kuzunguka.

Nilipiga kelele fundi akaangusha penseli. Nikakinyakua, nikapiga magoti, goti bovu na zima, nikakisukumia chini ya mguu wa mbele wa kulia. Kikakaa. Mishipa ya mbao ikaendelea kutoka juu mpaka chini kama haikuwahi kukatwa. Na mfereji ukalingana na wa mguu wa kushoto, sawasawa.

Mama akaja ananifokea kwa ajili ya uzi. Nikamwonyesha. Alikitazama kile kipande, akautazama mguu, akanyoosha kidole akagusa pale palipounganika. Halafu akaanza kukumbuka kwa sauti. Nyumba ile walihamia siku zilezile za kujifungua kwake. Mimi nilikuwa kwa mama mdogo, yeye alikuwa amelazwa akikusubiri wewe, baba akahamisha vyombo peke yake. Aliporudi na wewe mikononi alikuta kila kitu kimepangwa, kabati limetiliwa kabari, kiti chini ya dirisha kimetulia, akakaa hapo akakunyonyesha. Na baba akampa kila mtoto kiduara cha mti cha kuchezea, hata wewe mwenye siku chache duniani. Mama alishangaa wakati ule, mtoto mchanga na mti wapi na wapi.

"Kumbe alikata kiti cha mkwe wake!" akasema mama. "Mwoga yule! Baba yangu angejua angemfukuza na panga!" Akacheka, Dereva, akacheka mpaka akajishika mbavu, mpaka machozi, na fundi naye akacheka bila kujua anacheka nini. Baba yetu, ambaye hakuweza kupigilia msumari bila kujigonga kidole, alikata miguu miwili kwa msumeno wa kuazima ili mkewe akitoka hospitali akae sawa. Kisha akaficha ushahidi mikononi mwa watoto.

Mguu wa nyuma tuliuwekea kitu kingine kwa muda. Mama akaketi. Nikamletea chai, akaiweka mkono wa kulia wa kiti, akaondoa mkono wake taratibu. Chai haikutikisika. Aliitazama muda mrefu sana. Akasema kwa sauti ndogo, "Hakuwa amenikasirikia."

Kifurushi amekifungua siku ileile. Sahani iko kabatini na zangu, tochi ameniazima kwa masharti. Sasa anakaa sebuleni na kukosoa kila anayepita barabarani, ndipo nikajua amehamia kweli.

Na karakana nimeweka utaratibu mpya. Kabla ya kuchora kiti nakwenda kwa mteja na pimamaji yangu, nakagua sakafu. Tukilazimika kukata mguu, kile kipande tunakisugua kwa msasa, tunakipaka mafuta, tunamkabidhi mwenye kiti ndani ya mfuko wa kitambaa anaotushonea mshonaji. Fundi Taratibu huwaambia, "Tunzeni, mtakuja kuhama." Hilo ndilo sikuwa nimelijua wakati wote nilipojitapa na vitu vya kurithiwa. Nilidhani kurithiwa ni mbao ngumu na viungo vizuri. Kumbe kitu cha kurithiwa kitaondoka kwenye sakafu kilikozaliwa, ni lazima kiondoke na miguu yake.

Sasa nimefika kwako. Kigurudumu chako ulikichukua ulipoondoka, ukamwambia mama ni cha kukandamizia karatasi. Usikatae, nimekiona katika picha ileile ya binti yako, juu ya meza nyuma yake, kimelala juu ya makaratasi kama bosi. Nilimwonyesha mama. Nilimwambia pia kwamba Fundi Taratibu anaweza kutengeneza kingine kifanane nacho mpaka mtu asijue. Alikuwa hata ameshachagua mbao.

Mama alikataa katakata. Alisema, "Mguu upo, kwa nini nitengenezewe? Mwambie Dereva anao mguu wa baba yake." Kisha akaongeza, "Na usimwambie atume. Mguu haujitembezi wenyewe."

Basi ujumbe nimeufikisha. Kila mwaka unasema mwakani, mdogo wangu, na mimi nimekuwa nikikutetea mbele yake kuwa kazi, kuwa nauli, kuwa mtoto mdogo. Safari hii sikutetei. Njoo nacho mkononi, na mkono wa pili umshike huyo binti, bibi yake amweke pale ulipokuwa ukikaa wewe, kati ya chai na gazeti.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie nyumba ninayo na kitanda nitakitengeneza mwenyewe. Mbusu mtoto mashavu yote mawili, moja la shangazi na moja la bibi. Mama mdogo anakusalimu, anasema umenenepa. Shangazi yetu anakusalimu, anasema umekonda, mtajuana wenyewe. Fundi Taratibu anasema uje polepole lakini uje. Mungu awalinde katika kutoka kwenu na kuingia kwenu, awape afya na riziki ya halali, na atukutanishe tukiwa wote tunaweza kuinuka kupokea mgeni.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata unapokaanga vitunguu,

Dada Mkubwa

Nilisahau kukuambia kile tulichoweka chini ya mguu wa nyuma. Ni kandambili yako ya bluu, ile uliyoiacha uvunguni siku ya safari ukasema utaikuta. Mama hakuwahi kukubali itupwe. Tumeikata kisigino ndiyo kiti kikasimama, kwa hiyo kwa sasa mama amekaa nusu juu ya baba, nusu juu yako. Anasema upande wako unabonyea.